Doc Cheatham: mpuliza tarumbeta aliyeanza kung'ara akiwa anakaribia miaka 70 (uzi mrefu)

Mpenda Santuri:

Wakuu, habari za jioni.

Humu jukwaani tukianza kuwataja wazee wa muziki huwa tunaishia kwa waimbaji na wapiga gitaa. Leo naomba tumjadili mpuliza tarumbeta wa jazi wa Marekani, maana tarumbeta ndilo chombo kisichomhurumia mzee hata kidogo. Mpiga kinanda akizeeka vidole vinapunguza kasi, anachagua vibao vya taratibu, mambo yanakwenda. Mpuliza tarumbeta ana midomo, ana meno ya mbele, ana pumzi. Kimoja kati ya hivyo kikigoma, chombo kinarudi kwenye sanduku.

Jina lake kamili Adolphus Anthony Cheatham. Alizaliwa Nashville, Tennessee, tarehe 13 Juni 1905. Ndugu zake walitaka awe tabibu, yeye akaishia kupuliza kwenye bendi ya chuo cha utabibu cha Meharry hapo hapo Nashville, na "Doc" ikamganda maisha yake yote. Alifariki Washington tarehe 2 Juni 1997, zikiwa zimebaki siku 11 tu atimize miaka 92. Alikuwa ametoka kufanya maonyesho katika ukumbi wa Blues Alley mjini humo. Nasisitiza: maonyesho. Sizungumzii babu wa kupandishwa jukwaani, apunge mkono, apigiwe makofi, ashikwe mkono ashushwe. Huyu alikuwa anapuliza, anaimba, anaongoza wenzake, halafu kesho anarudi tena.

Hoja yangu ndiyo hii, mwenye kunibishia anibishie: Doc Cheatham hakuwa mpigaji mkubwa aliyebahatika kudumu. Kwa miaka karibu 50 alikuwa mpigaji wa nyuma, anayejulikana na wanamuziki wenzake kuliko mashabiki. Ukubwa wake ulikuja uzeeni. Rekodi zinazomfanya atajwe leo kama mpiga solo alizifanya akiwa na umri ambao wengi tayari wanakula pensheni.

Nianze mbali kidogo. Utotoni alianza na ngoma, kisha koneti, katika kikundi cha watoto wa kanisa. Alipokua akawa anapiga kwenye jumba la maonyesho la Bijou pale Nashville, chini mbele ya jukwaa, akiwasindikiza waimbaji wa bluzi waliokuwa wakipita na misafara yao, Bessie Smith akiwemo. Hebu fikirini shule hiyo. Mwimbaji wa bluzi hakupi karatasi ya muziki. Unamsikiliza anavuta pumzi, unajua sasa hapa nanyamaza, hapa nijibu kwa sauti ndogo, hapa nimwachie.

Katikati ya miaka ya 1920 akaenda Chicago, ndiko mabwana wote wa New Orleans walikokuwa wamehamia. Akamsikia King Oliver, akamsikia Louis Armstrong, akachanganyikiwa. Oliver alimpa kizibo cha shaba, kile wanachokichomeka kwenye tundu pana la mbele la tarumbeta kubadili sauti, na Doc akakitunza maisha yake yote. Mwaka 1926 alirekodi na mwimbaji wa bluzi Ma Rainey, tena si kwa tarumbeta bali kwa saksafoni (domo la bata kwa watu wa bendi zetu).

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha ukumbi wa Vendome. Louis Armstrong alikuwa nyota wa okestra ya Erskine Tate pale, na siku moja akamwomba Doc amshikie nafasi. Doc mwenyewe alikuwa akikisimulia hiki. Wakati wa solo ya Louis ulipofika taa zikamwangazia, watu wakapiga mayowe kabla hajapuliza hata noti moja. Kisha wakamwona si Louis. Mayowe yakapungua, yakapungua, yakaisha. Kijana wa miaka 21 amesimama na tarumbeta mkononi na nyimbo lazima ipigwe.

Naendelea baadaye, nimeitwa mezani.

---

Kirikuu la Mbagala:

Mkuu umenigusa kazini kwangu kabisa. Mimi napuliza matarumbeta ya harusi. Waliozoea kutuona nyuma ya kirikuu barabarani wanadhani tunacheza. Hebu panda wewe: jua la saa nane, bibi harusi anatolewa saluni anapelekwa ukumbini, dereva hajui kukwepa shimo, na wewe chuma kiko mdomoni. Shimo moja tu jino linalia. Ukifika ukumbini mashangazi wameshajipanga, wanataka wimbo ule ule urudiwe mpaka wachoke wao. Mdomo unakuwa kama si wako, unapuliza inatoka hewa tupu.

Kwenye kundi letu mwenye umri mkubwa ameshahamia kwenye ngoma, kwa sababu hiyo hiyo. Sasa huyo babu wa miaka 91 mdomo wake ulikuwa wa nini? Naomba jibu la kiufundi, maneno ya "kipaji cha Mungu" siyataki.

---

Mpenda Santuri:

Kirikuu, swali lako ndilo uti wa mgongo wa uzi wenyewe.

Unajua mwenyewe kuwa sauti inaanzia kwenye midomo inayotetemeka ndani ya kile kipande cha mdomoni. Noti ya juu inataka midomo ikaze zaidi na hewa iende kwa kasi zaidi. Aliyechoka, au asiye na pumzi ya kutosha, anatafuta njia ya mkato: anakandamiza chuma kwenye mdomo. Noti inatoka kweli, lakini damu haipiti vizuri, nyama inavimba, na siku ya pili unakandamiza zaidi ili upate kile kile cha jana. Louis Armstrong alipitia hayo. Alikuwa bingwa wa noti za juu, anazirundika watu wazimie, na miaka ya 1930 ikafika mahali ikabidi apumzishe mdomo. Mpaka leo madaktari wana jina la kuchanika kwa msuli unaozunguka mdomo, na wameliita kwa jina lake la utani, Satchmo.

Sasa mwangalie Doc kwenye video zozote za uzeeni, zipo mtandaoni. Tarumbeta limeelekezwa juu, karibu na dari. Viwiko vimetanuka huku na huku. Mgongo umenyooka kama askari wa gwaride. Mtu anaweza kusema ni madoido. Kwangu mimi ule ni mkao wa mtu asiyetaka kifua kibanwe: hewa ifanye kazi, mdomo upewe kazi ndogo. Sikiliza na anachopuliza. Hakimbilii juu. Anakaa katikati, anapanda mara moja pale wimbo unapodai, anashuka. Sauti yake nyembamba, safi, na mtetemo mdogo mwishoni mwa noti. Hakuna mahali unamsikia anasukuma.

Na jambo la pili, bila hili la kwanza lisingetosha: miaka yote ile alikuwa kiongozi wa safu ya matarumbeta. Kwenye bendi kubwa huyo ndiye anayebeba sauti ya juu ya kikundi kizima, usiku kucha, wimbo baada ya wimbo, bila kukosea, huku mwenzake wa pembeni anainuka kupiga solo dakika moja na kuondoka na makofi yote. Doc alifanya kazi hiyo kwa Cab Calloway katika miaka ya 1930, bendi iliyokuwa haipumziki, mpaka 1939 afya ikamlazimisha aondoke. Baadaye akaifanya kwenye bendi za Kilatini mjini New York: Machito, Perez Prado. (Wapenzi wa rumba na wale mliokulia Cuban Marimba ya Morogoro, hapo mnaweza kumdai ni wenu kidogo.) Mdomo uliofundishwa kubeba mzigo bila kujionyesha unajua kujitunza.

---

Mchokozi wa Jukwaa:

Mimi nitakuwa mbaya wenu leo.

Mnajua hii biashara ya "mzee bado anapiga" ilivyo. Mtu akifika miaka 85 hakuna anayemkosoa tena. Akikosea noti mnasema hisia. Akisahau maneno mnasema uzoefu. Waandaaji wa matamasha wanajua, ndiyo maana kwenye bango wanaandika umri kwa herufi kubwa kuliko jina. Tuliliona kwa Bi Kidude. Wazungu walikuwa wanakuja kuangalia bibi wa miaka mia anayevuta sigara, sidhani kama nusu yao walijua anaimba nini.

Sasa mtoa mada utanithibitishia vipi kwamba huyo Doc wako hapigiwi makofi ya huruma?

---

Binti wa Ng'ambo:

Kaka Mchokozi, taratibu na Bi Kidude.

Kwamba wageni walikuwa wanaangalia sigara, hilo ni la wageni. Sisi wa Unguja tulikuwa na sababu nyingine. Yule mama aliziimba nyimbo za Siti binti Saad kwa namna ya zamani, wakati taarabu ya ukumbini ilikuwa imeshavaa suti na safu za fidla. Na kwenye unyago alikuwa mwenye ngoma yake, kiunoni, anaipiga mwenyewe na kuwafunda wari. Pale hakuna mtalii wala bango. Wanawake wa unyago hawana huruma, ukiharibu wanakwambia hapo hapo. Tuzo ya WOMEX, yale maonyesho ya muziki wa dunia, alipewa 2005, heshima ya mtaani alikuwa nayo kitambo. Alipofariki Aprili 2013 watu hawakuzika idadi ya miaka yake, walimzika msanii.

Hoja yako ya makofi ya huruma naikubali kwa wengine, na majina ninayo, siyataji. Lakini usimtumie yeye kama mfano.

Mtoa mada, endelea na babu yako. Tumekaa.

---

Mpenda Santuri:

Asante dada, umenifanyia nusu ya kazi.

Mchokozi, nakupa ushahidi. Desemba 1957 televisheni ya CBS ilirusha kipindi cha jazi moja kwa moja, na ndani yake Billie Holiday anaimba bluzi yake akiwa amezungukwa na vigogo: Lester Young, Coleman Hawkins, Ben Webster, Roy Eldridge. Kila mmoja anapewa zamu ya solo. Doc Cheatham yupo pale, ana miaka 52, na hana solo. Aliomba mwenyewe asipewe. Alichokubali ni kupuliza nyuma ya sauti ya Billie, kumjibu kidogo kidogo, kazi ile ile aliyojifunza Nashville kwa akina Bessie Smith. Ukimsikiliza hapo utakubali kwamba hakuna mwenye masikio kumzidi. Lakini mtu mwenye miaka 52, mwenye miaka 30 ya kazi, anaomba asisimame peke yake. Yale mayowe ya Vendome yaliyozimika, nadhani hayakumtoka haraka. Hiyo ni dhana yangu, msiichukue kama historia.

Sasa ruka mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Bendi kubwa zimekufa, wenzake wengi wamestaafu au wamezikwa. Louis Armstrong mwenyewe, aliyemzidi miaka minne tu, amefariki Julai 1971. Doc anakaribia miaka 70, na ndipo anapoanza kufanya jambo ambalo vijana wengi hawana ujasiri nalo: anajirekodi, anajisikiliza, anajikosoa bila kujipendelea. Kipi nimekariri, wapi naiga watu, wapi najaza nafasi tu. Akaanza kujenga upya namna yake ya kupiga solo, akiwa na umri huo!

Hapo ndipo makofi ya huruma yanapokosa pa kukaa. Huruma inamlinganisha mzee na kile anachotegemewa kukipoteza. Doc wa miaka 80 mlinganishe na Doc wa miaka 50, rekodi zote zipo. Wa miaka 80 ana mawazo mengi zaidi, anathubutu zaidi, sentensi zake zina mwanzo na mwisho. Ungefichwa majina na miaka ukasikilizishwa, usingejua yupi babu.

Na kuimba nako alianza kwa ajali. Mwaka 1977 yuko Paris wanarekodi, akaimba kibao kimoja kama kujaribu maikrofoni tu. Wenye studio wakakipenda wakakiweka kwenye santuri. Ana miaka 71 au 72 ndiyo kwanza anakuwa mwimbaji. Tangu hapo ikawa desturi: anaimba mistari, anashusha karatasi, anainua tarumbeta juu, anajibu alichoimba.

Kuanzia 1980 akawa na kazi ya kudumu kila Jumapili katika klabu ya Sweet Basil, Greenwich Village, New York, mchana wakati watu wanakula. Miaka 17. Wateja wanakata mayai na kunywa kahawa, watoto wanalia, vijiko vinagonga sahani. Hiyo si hadhira ya kukuhurumia, Mchokozi. Ukichosha wanaendelea kula na kuzungumza. Wapuliza tarumbeta vijana wa New York ndio walikuwa wanakwenda kukaa mbele kumwangalia vidole.

---

Mwana Masasi:

Naomba niingize Afrika kidogo, maana uzi umekaa Marekani sana.

Hugh Masekela, Mungu amrehemu, alizaliwa Witbank 1939, akafariki Januari 2018 akiwa na miaka 78. Miezi michache kabla ya hapo ndipo alipotangaza kusitisha maonyesho kwa sababu ya saratani. Tarumbeta lake la kwanza lilitoka kwa Padri Trevor Huddleston, aliyekuwa kasisi shuleni kwao Johannesburg. Watoto wengine wakataka na wao, ikawa bendi. Huddleston alipoondolewa Afrika Kusini mwaka 1956 akapita Marekani, akamweleza Louis Armstrong habari za wale vijana, na Armstrong akawatumia tarumbeta lake.

Huyo huyo Huddleston kuanzia 1960 hadi 1968 alikuwa Askofu wetu hapa Masasi. Watu wa huku wanamjua kama askofu na mpinzani wa ubaguzi wa rangi, habari ya matarumbeta wengi hawana.

Uzeeni Masekela alikuwa anapuliza zaidi flugelihoni, lile lenye mdomo mpana na sauti nene laini. Mtoa mada, hilo nalo linasaidia mzee?

---

Mpenda Santuri:

Linasaidia, mzee wangu, kwa kiasi chake. Sauti yake nene inafunika mikwaruzo na halikuiti kwenye noti za juu sana. Lakini pumzi linakula vile vile, pengine zaidi. Gwiji wa chombo hicho kwenye jazi ni Clark Terry wa St. Louis, aliyezaliwa 1920, akapita kwa Count Basie, akapita kwa Duke Ellington, akafariki Februari 2015 akiwa na miaka 94. Yeye kisukari kilimla macho, kikamla miguu mpaka ikakatwa. Miaka ya mwisho alikuwa anafundisha akiwa kitandani, wanafunzi wanakuja chumbani na vyombo vyao. Miongoni mwa aliowashika mkono wakiwa vijana ni Miles Davis na Quincy Jones, kwa hiyo hakuwa mgeni kwenye ualimu.

Halafu umenikumbusha: Doc naye alifika Afrika mara mbili kwenye misafara iliyogharimiwa na Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, mwaka 1957 na bendi ya Wilbur de Paris, kisha 1960 na Herbie Mann. Enzi zile vita baridi ilikuwa inapiganwa na matarumbeta pia.

---

Lushois:

Hapo kwenye vita baridi nami niseme. Novemba 1960 Louis Armstrong alifika kwetu Lubumbashi, Kongo, wakati huo mji unaitwa Elisabethville, Katanga imejitenga chini ya Tshombe, na Lumumba amekamatwa au yuko mbioni kukamatwa. Mwezi mmoja nyuma Léopoldville (Kinshasa ya leo) walimbeba kwenye kiti kama mfalme. Alikuwa na miaka 59. Wamarekani walioketi naye mezani huku Katanga si wote waliokuja kwa ajili ya muziki.

Nauliza tu: hao wazee tunaowasifu, walijua wanatumika?

---

Mpenda Santuri:

Lushois, hilo swali ni zito na linastahili uzi wake. Louis mwenyewe mwaka 1957 aliigomea serikali yake safari ya Urusi kwa sababu ya watoto weusi wa Little Rock kuzuiwa shule, kwa hiyo hakuwa mtu wa kuburuzwa kila mahali. Ufungue, nitakuja.

---

Fundi Bati Gerezani:

Shikamooni wakubwa. Mimi si mtu wa jazi, nimevutwa na kichwa cha uzi. Kuna mwingine aliyefika huko kwenye miaka tisini na kitu bado anapuliza, au ni huyo mmoja tu?

---

Mpenda Santuri:

Marahaba. Yupo, na utampenda kuliko wote, maana ni fundi bati mwenzako. Sitanii.

Lionel Ferbos wa New Orleans, alizaliwa 17 Julai 1911. Utotoni alikuwa na pumu na wazazi wakamkatalia chombo cha kupuliza. Akiwa na miaka 15 akaona okestra ya wanawake watupu, akasema kama wasichana wanaweza, nami naweza. Akanunua koneti kuukuu kwenye duka la vitu vya rehani mtaa wa Rampart. Kazi yake ya mchana ikawa bati, karakana aliyoirithi kwa baba yake, na usiku tarumbeta. Hakuwahi kuwa nyota wa dunia. Alikuwa fundi anayesoma noti vizuri, anayefika kwa wakati, anayeimba kwa sauti ya upole. Palm Court, mkahawa wa jazi ulioko mtaa wa kale wa Wafaransa, alipiga hapo kila wiki hata baada ya kutimiza miaka 100. Alifariki Julai 2014, siku mbili baada ya kutimiza miaka 103.

---

Fundi Bati Gerezani:

Pumu! Na moshi wa kuchomelea bati! Mia na tatu! Nakwenda kuwasomea vijana wa karakana sasa hivi, wanaoniambia mgongo unauma wana miaka ishirini na mbili.

---

Kirikuu la Mbagala:

Huyo ndiye wangu sasa. Mchana bati, usiku tarumbeta. Sisi wengine mchana bodaboda.

Mtoa mada, nipe kitu cha kusikiliza. Bando langu si kubwa, nipe kimoja.

---

Mpenda Santuri:

Kimoja: santuri aliyofanya na Nicholas Payton, ina majina yao mawili tu kama jina. Waliirekodi New Orleans Septemba 1996, ikatoka 1997. Doc ana miaka 91. Payton alizaliwa 1973, mtoto wa New Orleans, ana pumzi ya fahali na sauti nene inayojaza chumba. Nyimbo ni zile za zamani ambazo Doc alizipiga zikiwa mpya.

Usianze kwa kutafuta nani bora. Tafuta mahali wanapopishana. Payton anaingia kwa nguvu, noti pana, anasukuma ukuta. Doc anamwacha amalize, anakaa kimya kidogo, halafu anaingia kwa noti tatu nyembamba upande ambao hukuutegemea. Ule ukimya wake kabla ya kuingia nimeurudisha nyuma mara nyingi kuliko solo zenyewe. Kijana wa miaka ishirini na kitu hana ukimya wa namna hiyo, hata awe Payton.

Kwa kibao cha Stardust walipata Grammy ya solo bora mwaka 1998. Doc alikuwa ameshafariki miezi kadhaa nyuma. Mjukuu wake, Theo Croker, leo naye ni mpuliza tarumbeta mwenye jina, tena muziki wake ni wa kisasa mno, wengine humu mtaukimbia.

Na ukitaka zoezi, Kirikuu, lisilokula bando: kila asubuhi kabla ya harusi, noti ndefu kwa sauti ndogo kabisa, chini, bila kukandamiza. Shikilia mpaka pumzi iishe, pumzika muda ule ule uliopuliza, rudia. Karibu kila mwalimu wa tarumbeta atakupa hilo la kwanza. Inachosha kusikiliza, majirani watalalamika, lakini mdomo unajengeka.

---

Mchokozi wa Jukwaa:

Nimeisikiliza yote usiku wa jana, na zile video za Sweet Basil nikaongeza.

Kwenye tarumbeta sina neno. Nilidhani Payton atambeba, nikakuta mara nyingine kijana ndiye anayejitahidi asiachwe. Kuna mahali babu anacheleweshacheleweshia noti nyuma ya mdundo mpaka unadhani amesahau, kumbe anakuchezea. Hilo sikulitegemea.

Ila kuimba, jamani. Mniache na msimamo wangu. Anaimba kama mzee anayesoma tangazo la msiba redioni.

---

Binti wa Ng'ambo:

😂 Kaka Mchokozi hujawahi kuliimba tangazo la msiba. Msikilize tena anapomaliza mstari: sauti inakatika pale pale ambapo tarumbeta lake lingekata. Anaimba anavyopuliza.

---

Mpenda Santuri:

Dada kanijibia tena. Lushois, nimeona umeshafungua ule uzi wa Armstrong na Katanga, nakuja huko nikishakula.